Jinsi ya kupata hobi ambayo familia nzima mtaipenda, bila kuchoma hela

Wazazi wenzangu, hili jambo naliona karibu kila nyumba siku hizi. Wikiendi ikifika watu wote mpo ndani lakini kila mtu na lake, baba na simu, mama na tamthilia, mtoto mkubwa kajifungia chumbani na bando lake, wadogo wanaangalia katuni tangu asubuhi, alafu jioni mtu anasema leo tumeshinda wote nyumbani. Kuwafokea watoto waache simu hakusaidii, maana ukiiondoa simu bila kuweka kitu pale ilipokuwa unabaki na watoto walionuna tu na wewe mwenyewe hujui uwafanyie nini. Kwahiyo hapa naandika jinsi ya kupata hicho kitu cha kuweka, na mifano yangu ni ya huku Dar kwasababu ndo ninapopajua, ila mingi utaifanya popote ulipo.

Kitu cha kwanza, na kwangu mimi ndo kikubwa kuliko vyote, hobi ya familia lazima na wewe mkubwa uipende kweli. Watu wengi tunakosea hapa, tunatafuta kitu cha kuwaburudisha watoto, tunawapeleka kwenye michezo ya kubembea tunakaa pembeni na simu tunasubiri wachoke turudi. Mtoto anaona. Anajua kabisa kama mzazi yupo pale kwa kutimiza wajibu au yupo kwasababu na yeye anafurahi, na ile anayofurahia mzazi ndo atakayoing'ang'ania. Kwahiyo kabla hujauliza watoto wanapenda nini, jiulize wewe ulikuwa unapenda nini kabla ya maisha hayajakubana. Ulikuwa unacheza mdako? Ulikuwa unapanda mauamaua nyuma ya nyumba kwa bibi? Ulikuwa unapenda kwenda pwani kuokota makombe ya baharini? Anzia hapo, hamna haja ya kuvumbua kitu kipya.

Alafu waite watoto na mwenzio mkae, kila mtu ataje kitu kimoja, hata yule wa miaka 5 ataje, na msicheke cha mtu. Mchague kimoja tu. Sio vitatu, kimoja, mkipe mwezi mzima kwa siku moja ya wiki inayojulikana, mfano Jumapili baada ya chakula cha mchana, maana hobi isiyokuwa na siku yake inakufa kwa "tutafanya badae". Mwezi ukiisha mnaulizana tuendelee au tubadili, na kama watu wanaboreka badilini bila kinyongo.

Sasa nianze na mimi ninachokipenda, bao. Bao la kete, hili la kwetu la pwani, lile wazee wanalocheza barazani jioni Unguja, Tanga, Lamu, Kilwa huko, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi wa huu mchezo. Watu wanaogopa bao wanasema ni la wazee, gumu, na ni kweli lile bao kamili lina mambo mengi, kuna nyumba (shimo maalum), kuna kunamua (kuingiza kete mpya), kuna mtaji (kucheza na zilizopo ubaoni tu), mtu anaweza kucheza miaka na bado anafungwa. Ila kuna bao la kujifunza, ambalo mtoto wa miaka 7 au 8 analiweza vizuri, na uzuri wake ni kwamba akishazoea kuhesabu anaanza kumfunga mzazi wake kihalali kabisa, hamna kumwachia, na siku hiyo nyumba nzima itajua.

Ubao wa duka una bei yake lakini huuhitaji kuanza. Bao lina mashimo 32, mistari minne, kila mstari mashimo manane. Chukua trei mbili za mayai, zile za mayai 30, kila moja kata kipande cha vishimo vinne kwa vinne, viunganishe viwili pembeni kwa pembeni kwa gundi au uzi, umepata bao. Kama mpo ufukweni au uwanja wenu una mchanga chimbeni tu vishimo. Kete zinatakiwa 64, za asili ni mbegu za mkomwe, zile za kijivu ngumu zinazoteleza mkononi, ila hata maharage makubwa au kokoto zinafaa.

Kila mtu anamiliki mistari yake miwili ya upande wake. Wekeni kete mbili mbili kila shimo, zinaenea zote 64 hapo hapo. Zamu yako ikifika unachota kete zote za shimo moja lenye kete mbili au zaidi, unazigawa moja moja kwenye mashimo yako kuzunguka, kulia au kushoto ni uamuzi wako. Kete ya mwisho ikiangukia kwenye shimo lako la mstari wa mbele ambalo tayari lina kete, na shimo la mwenzio linalolitazama nalo lina kete, umekula, unazichukua zile za mwenzio unaanza kuzigawa kwako kuanzia kichwani, yaani shimo la pembeni kabisa la mstari wako wa mbele, kwa kufuata uelekeo uleule, na ikiishia tena pazuri unakula tena. Ikiishia kwenye shimo lako lenye kete lakini hamna cha kula unachota zote hapo unaendelea. Ikiangukia shimo tupu umelala, zamu ya mwenzio. Mkiwa na nafasi ya kula lazima mle, na kama mzunguko wako haukuanza kwa kula basi huo unatembeza tu, huli mpaka zamu nyingine, hiyo ndo wanaita kutakata. Ukimmalizia mwenzio mstari wake wa mbele ukabaki mtupu, au akabaki na kete moja moja tu hana pa kuchota, umemfunga. Kuna vijisheria vingine vya pembeni kwenye kimbi, yaani mashimo ya nchani mwa mstari wa mbele, hivyo achaneni navyo kwanza, vitakuja vyenyewe mkishanogewa.

Mkifika mahali mnafungana vizuri ndo muende kwenye bao lenyewe, kila mtu anaanza na kete 6 kwenye nyumba yake, lile shimo la mraba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, 22 zinabaki ghala unaingiza moja moja kila zamu. Na hapo sasa tafuteni mzee. Aisee hili nalisisitiza, kila mtaa wa pwani una mzee anayejua bao na hana wa kucheza naye, mpelekee mtoto wako akamwamkie, "shikamoo babu, tunaomba utufundishe", utaona huyo mzee anavyobadilika uso. Hapo umeongeza babu kwenye familia na mtoto kajifunza adabu ya barazani bila kuhubiriwa.

Kama bao halijawakaa kuna drafti, ubao wa kuchora kwenye boksi, vifuniko vya soda 12 kwa 12, mmoja anavilaza mwingine anavigeuza, basi. Na zile za kukimbia msizisahau, rede kwa mfano, mpira wa soksi na chupa, wawili wanarusha kutoka pande mbili na wa katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Akina mama waliokua enzi zetu walikuwa hatari kwenye rede, waombeni warudi uwanjani, watoto hawataamini.

Kingine ambacho hakina hasara ni mboga kwenye viroba. Hii inawafaa hata mnaopanga, wenye kaujia kadogo tu kanakopata jua. Chukua kiroba cha kilo 50, changanya udongo na samadi iliyooza vizuri (mbichi inaunguza miche), weka kopo lisilokuwa na matako katikati, jaza kokoto kwenye kopo, zungushia udongo, vuta kopo juu kidogo jaza tena kokoto, hivyo hivyo mpaka juu, unapata nguzo ya kokoto katikati inayopeleka maji mpaka chini. Toboa matundu ubavuni upande miche, na juu panda pia. Kwa watoto anzeni na mchicha kwasababu unaota ndani ya siku chache na wiki tatu nne hivi unachuma, mtoto hana uvumilivu wa kusubiri mwembe. Matembele nayo ni rahisi, unachomeka tu kipande cha shina. Maji ya kuoshea mchele yanafaa kumwagilia, msiyamwage.

Ila kila mtoto awe na kiroba chake chenye jina lake. Kikiwa cha wote kinakuwa si cha mtu, kitakauka. Na akisahau kumwagilia kikanyauka usimwagilie kwa siri usiku, kiache, ataona mwenyewe cha mwenzie kinastawi.

Sasa kwa sisi wa pwani kuna hobi ya bure kabisa ambayo naona watu hawaitumii, kwenda pwani maji yakiwa yametoka. Wengi tunaenda beach kukaa, kula mihogo na kupiga picha, lakini bahari ikikauka ndo inaonyesha vitu vyake. Cha kujua ni bamvua. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ndo siku za bamvua, maji yanajaa sana na yanatoka sana, huku kwetu tofauti ya kujaa na kutoka inapita mita 3, na siku hizo maji yanakuwa yamekauka asubuhi mida ya saa 4 hadi saa 5, muda mzuri kabisa kwa watoto. Kila siku inayofuata yanachelewa karibu dakika 50, kwahiyo hata kuhesabu tu lini twende ni mchezo wenyewe, mwachie mtoto mkubwa awe ndo msimamizi wa mwezi na maji, apange tarehe, nyie mfuate.

Mkifika mtaona kaa, viti vya pweza (wale wenye umbo la nyota), majongoo bahari, vijisamaki vimenaswa kwenye vidimbwi. Vaeni raba au viatu vya plastiki, kuna vile vidude vya miba mirefu myeusi vikikuchoma utaijua siku yako. Sheria moja, kilicho hai kinaangaliwa kinarudishwa, jiwe ukiligeuza lirudishe lilivyokuwa. Na jambo la usalama silifanyii mzaha, maji yakianza kurudi mnatoka, wadogo wanashikwa mkono, kwasababu yanaweza kujaa kwenye mikondo nyuma yenu wakati nyie mpo kwenye fungu la mchanga mbele. Waulizeni wavuvi wa pale kabla hamjaingia, wao ndo wanajua njia.

Hapo hapo ufukweni mnaweza kuanza na ndege. Kati ya Septemba na Aprili kuna ndege wadogo wa miguu mirefu wanaochokora matope, wale wametoka mbali Ulaya na Asia wanakimbia baridi. Daftari moja na kalamu inatosha, mtoto anachora alichoona, anaandika siku na mahali, majina mtatafuta badae. Hata nyumbani wapo, chozi anayening'inia kwenye maua, yangeyange, na hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu ambao wengi hawajui sio wa kwetu, asili yao ni India na walifikia Zanzibar miaka ya 1890.

Mvua ikinyesha nendeni makumbusho, ile Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert pale mjini, kiingilio cha mwananchi hakiumizi. Msiimalize yote siku moja. Chagueni kitu kimoja, mfano habari ya fuvu la Zinjanthropus, yule kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilolipata mtafiti Mary Leakey bonde la Olduvai mwaka 1959, mkae nacho, mbishane, mrudi nyumbani muendelee kubishana.

Jioni umeme ukikatika, vitendawili. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Asiyejua anatoa mji. Waambieni watoto watunge vyao kutokana na vitu vya humu ndani, vya friji, vya rimoti, vya bodaboda, utashangaa akili zao.

Mtoto aliyebalehe ndo kazi, huyo hatoki chumbani kwa kuitwa "njoo tucheze". Mpe cheo. Kama anapenda simu basi yeye ndo mpiga picha wa ndege au ndo anayeandika matokeo ya ligi ya bao ya nyumbani, anatengeneza jedwali, anatuma kwenye grupu la ukoo mpaka shangazi aliyeko Mwanza anauliza nani anaongoza. Mruhusu alete rafiki yake mmoja. Na usimtanie mbele ya wadogo zake akifungwa, mkifanya hivyo wiki ijayo humuoni.

Simu za wakubwa nazo zikae kwenye kabati huo muda, saa moja na nusu inatosha, msizidishe mpaka watu wachoke. Acheni wakati bado wanataka, hata kama kuna mtu anadai mechi ya marudiano, mwambie Jumapili ijayo.