Hesabu ya mbolea ya tangi la samaki lenye mimea ya majini: usisahau potasiamu inayokuja bure

Mfuko wa potasiamu naitreti wa duka la pembejeo huandikwa 13-0-46. Hiyo 46 si potasiamu. Ni K2O, yaani oksidi ya potasiamu, desturi ya zamani ya watengenezaji mbolea. Potasiamu yenyewe ni 46 × 0.83, kama 38. Basi weka mfuko kando, tuhesabu kwa chumvi yenyewe, yaani kemikali iliyomo mfukoni. (Mbolea za DAP, urea na CAN ziache shambani: zinaleta amonia, na samaki hawaivumilii.)

Kwanza pima maji, si kioo. Tangi langu ni sm 80 kwa 35, na kina cha maji juu ya changarawe ni sm 36. Zidisha, gawa kwa 1,000: lita 100.

Pili, weka lengo la wiki. Langu ni naitreti miligramu 10 kwa lita na fosfeti 1.

Tatu, gramu moja ya KNO3, ndiyo potasiamu naitreti, ina naitreti 0.613 na potasiamu 0.387. Ya KH2PO4, yaani potasiamu fosfeti, ile MKP ya wakulima wa umwagiliaji wa matone, ina fosfeti 0.698 na potasiamu 0.287. Naitreti ya lita 100 ni gramu 1; gawa kwa 0.613, upate KNO3 gramu 1.63. Fosfeti ni gramu 0.1, gawa kwa 0.698, upate MKP gramu 0.143.

Hapa ndipo wengi huteleza. Chumvi hizo mbili zimeshaingiza potasiamu: 1.63 × 0.387, jumlisha 0.143 × 0.287, ni gramu 0.67, yaani miligramu 6.7 kwa lita. Ukitaka potasiamu 10 kwa lita, umepungukiwa 3.3 tu. Potasiamu salfeti ina 0.449, kwa hiyo gramu 0.73 inatosha. Anayemimina ya kutosha 10 nzima anaishia 16.7.

Nne, mizani ya jikoni haioni gramu 0.143. Zidisha kila kitu mara 50: KNO3 gramu 81.5 na MKP 7.2, ongeza maji hadi mililita 500. Dozi ya wiki ni mililita 10. Salfeti, gramu 36.5, ipe chupa yake yenye mililita 500 pia, dozi ileile. Niliwahi kuzitia zote chupa moja. Asubuhi nikakuta chenga zimetuama chini. Madini ya chuma nayo usiyachanganye na fosfeti kwenye chupa.

Kabla ya dozi, pima naitreti iliyomo. Chakula cha samaki nacho huiongeza. Ukikuta 5, tia nusu ya dozi ya chupa ya kwanza, mililita 5.