Kupanga uingizaji wa data za vielelezo kabla ya kugusa lebo ya kwanza

Data za vielelezo, yaani sampuli zilizohifadhiwa za mimea, wadudu au ndege, huanza kuharibika pale mwingizaji anapofasiri lebo badala ya kuinakili. Kwa hiyo tarehe, mahali na jina la mkusanyaji vipewe safu mbili mbili: moja ya maneno kama yalivyoandikwa, hata kama yamekosewa tahajia, na nyingine ya fasiri. Darwin Core, kiwango cha kimataifa cha majina ya safu za data za viumbe, tayari ina safu za namna hii, mfano verbatimEventDate na eventDate; usibuni majina yako.

Tuseme lebo ya mdudu imeandikwa 4.V.32. V ni mwezi kwa namba za Kirumi, yaani Mei. Lakini 4.5.32? Huenda ni 4 Mei, huenda ni 5 Aprili, na karne haijulikani. Safu ya kwanza inabaki na 4.5.32. Kama miaka ya kazi ya mkusanyaji inathibitisha karne, ya pili inaandikwa 1932, basi. ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, inakubali mwaka peke yake. Usitunge siku ili kisanduku kijae.

Excel nayo ina vituko vyake. Hugeuza tarehe bila kuuliza, haizitambui za kabla ya 1900, na namba ya kielelezo 000417 huifanya 417. Weka safu zote katika muundo wa maandishi kabla ya kubandika chochote.

Latitudo na longitudo zisitafutwe wakati wa kunakili. Lebo 300 za safari moja huweza kuwa na mahali 6 tu, hivyo panga mahali panapofanana pamoja, tafuta nukta mara moja, kisha andika datumu, yaani mfumo wa rejea ambao nukta imepimwa kwao (WGS84, unaotumiwa na GPS), na ukubwa wa shaka kwa mita. Nukta isiyo na kiwango cha shaka humdanganya atakayechora ramani.

Ili kukadiria muda, jaribu lebo 100 zilizochanganywa, zikiwemo za mwandiko mbaya. Ukichagua zilizopigwa chapa tu, hesabu itakuwa ya ndoto. Mtu wa pili akague rekodi 1 katika kila 20 akiwa na picha ya lebo mbele yake. Kosa likijirudia kwa waingizaji wawili, mwongozo ndio wenye walakini.

Neno lisilosomeka liwekewe [?], kamwe lisiachwe tupu: kisanduku kitupu kinamaanisha lebo haikusema kitu.