Namna ninavyolinganisha anime za Ghost in the Shell, mimi fundi simu

Siku moja nilibishana na rafiki yangu karibu saa nzima, kwenye meza yangu ya kutengenezea simu hapa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Mimi nasema Puppet Master, yule mdukuzi asiye na mwili katika Ghost in the Shell, katuni ya Kijapani (anime) ya polisi katika dunia ambako ubongo wa mtu umeunganishwa na mtandao na unaweza kudukuliwa, ana sauti nzito ya kiume. Yeye anaapa kwamba ni sauti ya mwanamke. Kila mmoja akaamini mwenzake hajaiona filamu, amesimuliwa tu. Mwisho tukafungua mafaili yetu, tukayaweka sambamba kwenye kompyuta yake. Wote wawili tulikuwa sahihi. Yeye alikuwa na Ghost in the Shell 2.0 ya mwaka 2008, mimi nilikuwa na ile ya 1995.

Kwa hiyo ukitaka kulinganisha, anza na jambo ambalo sisi mafundi tunaanza nalo kila mteja anapoweka simu mezani: jua ni toleo gani ulilo nalo mkononi. Filamu ya 1995 na ile ya 2008 ni za mwongozaji mmoja, Mamoru Oshii. Mwaka 2008 alirudi kwenye kazi yake, akatengeneza upya baadhi ya matukio kwa kompyuta, akabadilisha rangi iliyokuwa ya kijani ikawa ya chungwa, akarekodi sauti upya. Puppet Master wa kwanza aliigizwa na Iemasa Kayumi, mwanamume. Wa pili ni Yoshiko Sakakibara, mwanamke. Kuzitambua ni rahisi. Tazama mwanzo kabisa, pale Meja Motoko Kusanagi, polisi mwenye mwili bandia, anapojirusha kutoka juu ya ghorofa. Ukiona mwili laini unaong'aa kama wa kwenye gemu, hiyo ni 2.0. Ifute, tafuta ya zamani. Samahani kwa wanaoipenda.

Mtego mwingine ni mafaili yaliyofupishwa. Mfululizo wa televisheni wa Stand Alone Complex una sehemu 26, lakini kuna filamu iitwayo The Laughing Man iliyokatwa kutoka humo, imebaki na uti wa mgongo wa kesi moja tu. Arise, toleo jingine la hadithi hii, nayo ilitoka kama filamu fupi nne, 2013 na 2014, halafu 2015 ikakatwakatwa na kupangwa upya kwa ajili ya televisheni, ikaongezewa sehemu mbili mpya. Anayetazama toleo lililopangwa upya halafu akasema hadithi inarukaruka, ni kweli kwake inarukaruka.

Ukishajua ulicho nacho, futa kichwani wazo kwamba hizi zote ni hadithi moja inayoendelea. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Matukio ya filamu ya 1995 yamewekwa mwaka 2029. Stand Alone Complex ya Kenji Kamiyama, iliyoanza kuonyeshwa 2002, imewekwa 2030, na mtu akiona namba hizo anafikiri moja inafuata nyingine. Haifuati. Katika ulimwengu wa Kamiyama, Meja hajawahi kukutana na Puppet Master. Innocence ya 2004 ndiyo inayoendeleza filamu ya Oshii. Msimu wa pili wa Stand Alone Complex, filamu ya Solid State Society ya 2006 na SAC_2045 ya Netflix vinaendeleza ule mfululizo. Arise imekaa peke yake, mwaka 2027, kabla Section 9, kikosi cha polisi cha Meja, hakijakamilika. Chora mistari mitatu kwenye karatasi, utaelewa haraka kuliko maelezo yangu.

Sasa shika manga yenyewe, yaani kitabu cha katuni ambacho yote haya yametoka humo. Masamune Shirow aliichora kati ya 1989 na 1990 katika jarida la Kodansha, na ukiifungua ukitokea kwenye filamu utadhani umepewa kitabu kisicho chake. Meja wa Oshii hatabasamu. Meja wa Shirow anacheka, ananuna, anakunja uso kwa dharau, anawatania wenzake, na bosi wake Aramaki amechorwa na sura ya nyani. Pembeni mwa kurasa Shirow amejaza maelezo madogomadogo kuhusu silaha, ubongo na siasa, kama mwalimu wa fizikia aliyekunywa kahawa nyingi. Si lazima usome yote kabla ya kuanza. Soma sura ya tatu, ile ya mzoa taka, na kila ukurasa wenye Fuchikoma, vile vifaru vidogo vyenye umbo la buibui. Nitakuambia sababu.

Watu wengi hulinganisha kwa kuuliza ipi imefuata manga. Swali hilo linakwisha dakika tano: hakuna. Mimi nachagua kitu kimoja kidogo, nakifuata kutoka toleo moja hadi jingine, na katika kila toleo naandika kwenye daftari kimefanywa nini. Kikiwa hakipo, naandika hakipo, na hapo ndipo napiga mstari mwekundu. Fundi hajifunzi simu kwa kuangalia kilichopo tu. Ukifungua simu ukakuta skrubu mbili hazipo, unajua kuna mtu alishaingia humu kabla yako, na unajua alikuwa anatafuta nini.

Chukua kumbukumbu za uongo, maana ndizo moyo wa jambo lenyewe.

Kuna mama mmoja aliniletea simu iliyokwishabadilishwa kioo, kava, betri na sehemu ya chaji, na sasa nilikuwa nabadilisha bodi. Akaniuliza, "Fundi, hii bado ni simu yangu kweli?" Nikamjibu, "Mama, picha zako zimo?" Akasema zimo, alizihamisha. "Basi ni yako." Nikajiona nimejibu kwa busara. Usiku wake nikarudia filamu ya 1995, nikafika kwa mzoa taka, jibu langu likaanguka.

Mzoa taka yule anadukua mtandao akiamini anamchunguza mkewe anayetaka kumwacha. Ana binti, anasema, na anamwonyesha mwenzake kazini picha ya huyo binti. Polisi wanamkamata, wanamweleza taratibu kwamba hana mke, hana mtoto, anaishi peke yake. Mke, ugomvi na binti vimepandikizwa kichwani ili atumike kama kibaraka. Anaambiwa aitazame tena picha. Ndani ya picha yumo yeye na mbwa. Picha zimo, mama. Tena alikuwa nayo mfukoni.

Sasa fuata jambo hilohilo. Kwa Shirow, tukio hili lipo ndani ya msako wenye kelele na mizaha, na msako unasonga mbele. Oshii analisimamisha. Kamera inabaki kwenye uso wa yule mtu mpaka wewe mtazamaji unatamani kuondoka chumbani, kisha baadaye anatupa dakika kadhaa zisizo na neno hata moja: mvua, mifereji, mabango ya jiji lililochorwa kwa kuitazama Hong Kong, na Meja anamwona mwanamke mwenye uso kama wake nyuma ya kioo cha mgahawa. Hakuna anayemweleza kitu. Ukiwa na mzoa taka kichwani, huhitaji maelezo.

Kamiyama anakipeleka kitu kilekile barabarani. Katika Stand Alone Complex, mdukuzi aitwaye Laughing Man alimwelekezea bastola mkuu wa kampuni mbele ya kamera za televisheni, moja kwa moja hewani, akimtaka aseme ukweli. Karibu hakuna aliyeuona uso wake, kwa sababu aliyadukua macho ya karibu watu wote pale na kuufunika uso kwa nembo ya katuni inayocheka. Hapa si mtu mmoja aliyebadilishiwa kumbukumbu, ni umma mzima ulioona kitu kimoja ambacho hakikuwepo. Halafu wanatokea waigaji, mmoja baada ya mwingine, mpaka hujui wanamwiga nani. Jina la mfululizo linatoka hapo: nakala nyingi zinazofanana, na asili haionekani.

Arise inamgeuzia Meja mwenyewe. Katika filamu fupi ya kwanza anachunguza kesi akiamini macho yake, kumbe kumbukumbu zake zimeingiliwa na kirusi. Ni wazo zuri sana, na nasikitika kusema halinigusi. Mzoa taka alikuwa na binti wa kupoteza. Meja wa Arise anapoteza kesi.

Baada ya kumbukumbu, fuata vifaru. Katika manga, Fuchikoma ni vifaru vyenye akili na midomo isiyotulia. Kuna mahali vinabishana kama viwaasi binadamu. Kwenye filamu ya 1995 andika kwa wino mwekundu: hakipo hata kimoja. Oshii alikuwa na dakika themanini na kidogo, na filamu yake ni ya kimya. Vifaru vinavyopiga soga vingeivunja vipande. Badala yake utaona mbwa, na ukifika Innocence utamkuta Batou, mwenzake Meja kikosini, nyumbani anamlisha mbwa wake wa aina ya basset, kwa uangalifu ambao huuoni kwingine kote katika filamu ile. Nadhani upendo ule ambao Shirow aliuweka kwa mashine, Oshii aliuhamishia kwa mnyama.

Kamiyama alikuwa na sehemu 26 za dakika ishirini na tano hivi, yaani zaidi ya saa kumi. Vifaru vinarudi kwa jina la Tachikoma, vina sauti za kitoto, na mwisho wa kila sehemu vinapewa kichekesho chao kifupi. Mara ya kwanza nilivichukia. Nilidhani vimewekwa ili kuuza midoli. Kisha nikaanza kuangalia kwenye daftari langu: kila usiku vinaunganishwa ili kumbukumbu zao ziwe sawa, kwa hiyo vyote vinapaswa kuwa kimoja. Lakini Batou ana chake anachokipenda, anakinunulia mafuta ya asili badala ya yale ya kiwandani, na taratibu kile kifaru kinaanza kuwa tofauti na wenzake. Swali ambalo Oshii aliliuliza kwa mwanamke mwenye mwili bandia, Kamiyama analiuliza kwa kifaru kinachouliza maswali kuhusu kifo kwa sauti ya mtoto wa chekechea. Tazama sehemu ya 2, ya kifaru kikubwa kilichotoroka, halafu ya 12, ambapo Tachikoma anatembea mjini na msichana anayemtafuta mbwa wake, halafu ya 15. Kwa mpangilio huo. Ya 15 sikuambii kitu.

Arise ina vifaru viitwavyo Logicoma. Vipo, vinabeba mizigo. Mstari mmoja unatosha.

Jambo la tatu linahitaji masikio. Weka sauti ya Kijapani hata kama unategemea maandishi ya chini, na usikilize neno "gosuto". Ndilo neno la Kiingereza "ghost" limeingia mdomoni mwa Wajapani, na Meja hulitumia anapohisi jambo asiloweza kulithibitisha: gosuto yangu inaninong'oneza. Jina la Kijapani la manga halina neno hilo kabisa. Linataja kikosi cha polisi na gamba la kushambulia. Lile la Kiingereza Shirow alilichukua kwa kumkumbuka mwandishi Arthur Koestler na kitabu chake cha 1967, The Ghost in the Machine. Sasa jaribu kulisema kwa Kiswahili. Nimeona mtu ameandika "mzimu", na filamu nzima ikageuka ya kutisha. "Pepo" ni mbaya zaidi. "Roho" inakaribia, ila roho inamtoka mtu anapokufa, na hapa inaweza kudukuliwa mtu akiwa anakunywa bia. Mimi nimebaki na "nafsi", na "gamba" kwa ile sehemu ya nje. Hesabu neno hilo linatamkwa mara ngapi na nani katika kila toleo. Utaona ni nani anayejali nafsi, na ni nani anayejali kesi.

Ukiwa bado umevaa hedifoni, sikiliza muziki. Kenji Kawai, katika filamu ya 1995, aliweka ngoma na kwaya ya wanawake wanaoimba kwa Kijapani cha kale. Ni wimbo wa harusi. Unasikika mwili wa Meja ukiundwa, na utajiuliza harusi ya nani, mpaka Puppet Master atakapotoa ombi lake mwishoni. Yoko Kanno, kwenye Stand Alone Complex, alimpa mwimbaji Origa aimbe kwa Kirusi juu ya midundo ya disko. Kila mmoja amekisikia kikosi kilekile kwa sikio lake.

Na sauti ya Meja mwenyewe: Atsuko Tanaka, kutoka 1995 hadi SAC_2045, isipokuwa Arise, ambako ni Maaya Sakamoto. Mashabiki walilalamika. Lakini rudi mwisho wa filamu ya 1995, Meja akiwa ameamka ndani ya mwili wa mtoto. Sauti ya yule mtoto ni ya Sakamoto. Tangu nilipogundua hilo, Arise nimeisamehe nusu.

SAC_2045 nimeitazama yote 24 kwa ajili ya daftari. Sura zimetengenezwa kwa kompyuta na hazinikai machoni, kwa hiyo ukurasa wake una maandishi machache, na sitajifanya nimeitendea haki. Labda wewe utaujaza.

Daftari lenyewe liko hapa mezani, chini ya mashine ya kupuliza joto. Kijana ninayemfundisha kazi ameanza la kwake. Jana jioni alifunga sehemu ya 14, akanitazama, akauliza, "Kaka, kwani ya 15 kuna nini?" Nikampa simu iliyoingia maji, nikamwambia aifungue.