Kitabu cha picha cha majira: kukitunga, kukichora na kukishona

Karatasi 4 za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kitabu cha kurasa 16, kinachomtosha mtoto wa miaka 3 hadi 6. Ongeza nusu ya karatasi ya manila kwa jalada, penseli za rangi, sindano nene na uzi imara wa sentimita 60.

Anzia kwenye majira anayoyaona mtoto mwenyewe. Pwani kuna kipupwe cha Juni hadi Agosti, vuli ya Oktoba hadi Desemba, kiangazi cha Januari na Februari, kisha masika ya Machi hadi Mei. Dodoma mvua ni msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, kwa hiyo kitabu cha huko hakihitaji vuli. Usichore theluji wala majani yanayopukutika kwa baridi kwa sababu tu umeyaona kwenye vitabu vya nje. Mtoto atakitazama kitabu kama habari za watu wengine.

Chagua kitu kimoja kinachobadilika mwaka mzima, na watu wawili au watatu wanaokizunguka. Mwembe unafaa sana: unachanua kipupwe, embe changa zinakua, vuli inanyesha, kumbikumbi wanatoka, embe zinaiva, bibi anawagawia wajukuu na rafiki yao wa jirani. Ukurasa wa 1 uwe wa jina la kitabu. Ukurasa wa 2 hadi wa 15 unakupa jozi saba za kurasa zinazotazamana, tukio moja kwa kila jozi. Wa 16 ni wa picha ndogo ya mwisho: kokwa limefukiwa.

Maneno yasizidi sentensi mbili kwa jozi. Kosa kubwa la waandishi wapya ni kuandika kile ambacho picha imeshakionyesha. Ukiandika “Bibi alisema mvua inakuja,” usichore bibi akisema. Chora wajukuu wakikimbilia nguo kwenye kamba, mawingu meusi nyuma ya paa, na rafiki yao amebeba kikapu kilichomzidi kimo. Mtoto atazimaliza habari hizo mwenyewe kwa kidole. Jambo la kushtua liweke upande wa pili wa karatasi, alione baada ya kufunua.

Kabla ya kuchora, kunja karatasi nne mbovu, zichomeke moja ndani ya nyingine, andika namba za kurasa, kisha zitenganishe. Utaona karatasi ya nje ina 16 na 1 upande mmoja, 2 na 15 upande wa pili. Kurasa mbili zilizo upande mmoja wa karatasi zikijumlishwa daima hutoa 17. Jumla ikikataa, umekosea. Wengi huchora kwa kufuatana na kuligundua kosa wakati wa kushona. Jozi ya 8 na 9 peke yake ndiyo iliyo kwenye karatasi moja isiyokatika, kwa hiyo picha kubwa ya mvua ya kwanza iweke hapo. Kwenye jozi nyingine, uso wa mtu usikae kwenye mkunjo, na maneno yaache nafasi ya sentimita 2 kutoka hapo.

Karatasi ya gramu 80 (yaani uzito wake kwa mita moja ya mraba) hupitisha wino wa maka upande wa pili. Tumia penseli za rangi, au tafuta ya gramu 120. Gundi ya maji huikunja karatasi, hivyo kama unabandika picha, paka kidogo kwenye kingo.

Kunja kila karatasi na usugue mkunjo kwa mgongo wa kijiko. Manila ijaribu kwanza kuipinda pande zote mbili: upande unaopinda kwa wepesi ndio wa kukunjia, la sivyo jalada litapasuka rangi mgongoni. Zichomeke karatasi zote ndani ya jalada kwa mpangilio wa namba, kisha toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa ncha ya bikari, sentimita 3, 10.5 na 18 kutoka juu. Ingiza sindano tundu la kati ukitokea ndani, ukiacha mkia wa sentimita 8. Rudi ndani kwa tundu la juu, nenda moja kwa moja hadi la chini bila kugusa la kati, toka nje, kisha rudi ndani kwa la kati. Ncha mbili za uzi zikae kila moja upande wake wa uzi mrefu, ndipo ufunge fundo. Zikiwa upande mmoja, mshono utalegea.

Mwisho, kata pembe ziwe za mviringo. Pembe kali ndizo zinazoanza kuchakaa mikononi mwa watoto.