Desemba msituni: kutoka Sheffield kwa treni, Padley Gorge kwa miguu

Siku ya kwanza nilipoalikwa na kikundi cha matembezi huku Sheffield, Uingereza, nilivaa jinzi, raba nyeupe na koti zito la sufu. Nilijiandaa kwa baridi, kumbe kilichonitesa ni maji. Kufika adhuhuri jinzi ilikuwa imelowa hadi magotini na raba zilikuwa zinalia kwik-kwik kila nikipiga hatua. Basi nayaandika haya kwa wewe uliyeambiwa kazini "njoo Jumamosi tutembee" ukaitikia bila kuuliza.

Njia ninayoipendekeza kwa anayeanza ni hii. Unapanda treni Sheffield, unashuka Grindleford. Haifiki hata dakika ishirini, na sehemu ya safari mko gizani ndani ya Totley Tunnel, handaki la zaidi ya kilomita 5. Ukitokea upande wa pili umeingia Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza, iliyotangazwa 1951. Usitafute geti wala mahali pa kulipia. Hifadhi ya huku si Mikumi: ndani yake kuna vijiji, mashamba na kondoo, na unapita kwa kufuata vibao vya njia za umma. Ukikuta geti la shamba limefungwa, pita kisha ulifunge tena.

Kutoka stesheni unapanda Padley Gorge, korongo lenye kijito kiitwacho Burbage Brook. Desemba mialoni imepukutika, imebaki matawi yaliyopinda, na mawe yote yamevaa kijani. Hapo ndipo watu wanapoanguka. Jiwe lililolowa na mizizi iliyofichwa na majani yaliyooza vinateleza kuliko matope yenyewe, kwa hiyo kanyaga matope, viatu vitaoshwa. Mvua ikiwa imenyesha usiku kucha na kijito kimejaa, usivuke kwa kurukia mawe. Vuka darajani, hata kama ni mbali. Ukipita angalia magogo yaliyolala kando ya njia: yamepigiliwa sarafu kwa mamia, zimekunjwa kwa nyundo ya mawe. Mimi mtu wa pwani nikakumbuka vichenchi vinavyoachwa chini ya mibuyu, nikanyamaza.

Juu msitu unafunguka, unafika uwanja wa majani na kisha Longshaw, penye vyoo na mkahawa. Mzunguko mzima ni kati ya kilomita 5 na 8, inategemea unazungukia wapi. Kwa kiangazi ni mchezo. Desemba, hesabu jua.

Katikati ya mwezi huo jua linazama Sheffield kama saa kumi kasorobo. Kwa anayeswali, maana yake adhuhuri inaingia karibu saa sita, alasiri kabla ya saa nane, na magharibi inaingia saa ambayo Unguja watu ndiyo kwanza wanatoka kuswali alasiri. Mwambie kiongozi mapema kwamba utahitaji dakika kumi mara mbili, sijawahi kukataliwa. Na ndani ya korongo giza linatangulia, halingoji jua lizame. Sisi tumekubaliana hivi: ikifika saa saba na nusu, popote tulipo, tunageuka. Tochi ya kichwani kila mtu anabeba yake. Ya simu haitoshi, maana baridi inaimaliza betri. Simu iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Mavazi ni tabaka juu ya tabaka, na pamba iache nyumbani, kwa sababu ikilowa haikauki. Fulana ya michezo, sweta jepesi, koti la mvua, soksi za sufu na jozi ya akiba. Viatu viwe na meno na vifunike kifundo. Usikimbilie kununua vipya: pita maduka ya hisani, yanayouza vitu vilivyotolewa sadaka, ndiko mitumba inakoanzia safari kabla haijafika Karume au Gikomba.

Chakula, wenzako watatoa mkate wenye jibini. Wewe funga chapati na mayai kwenye karatasi ya alumini, na chupa ya chai ya tangawizi iwe kubwa kuliko unavyodhani, kwani ukishaifungua utapata ndugu. Jambo jingine litakushangaza: watu wale wale ambao mjini mnapishana kwenye ngazi bila neno, huku njiani wanakusalimia mmoja mmoja. Itikia.

Mtu akiumia, piga 999, omba polisi, kisha waambie unahitaji uokoaji wa milimani. Waokoaji ni watu wa kujitolea na hawakutozi senti, kwa hiyo usione haya. Simu ikikosa mtandao, puliza filimbi mara sita ndani ya dakika moja, tulia dakika moja, rudia.

Treni za kurudi hazifuatani kama daladala, ziangalie kabla ya kuondoka. Ukifika nyumbani, jaza viatu magazeti na uviache vikauke taratibu. Usiviweke juu ya hita; ngozi inakakamaa na kupasuka. Jozi yangu ya kwanza niliimaliza hivyo, na ilikuwa haijatimiza wiki tatu.