Kukesha na mzee wenu siku zake za mwisho: somo la hatua kwa hatua

Somo hili ni la familia ambayo imeshaelezwa na daktari kwamba tiba ya kumponya mzee wao imefika mwisho, na kilichobaki ni kumtunza. Kama ndani ya nyumba bado mnabishana juu ya hilo, mrudieni daktari mkiwa wawili au watatu, mkamwulize waziwazi: ni suala la miezi, wiki au siku? Atawapa makadirio tu, lakini makadirio yanatosha kumwita aliye mbali na kupanga nani analala lini.

Kabla ya hatua zenyewe, shikeni hili. Mengi yatakayowatisha siku hizo hayamuumizi mgonjwa, na mengi yanayomuumiza hayapigi kelele. Mkoromo wa kooni unasikika hadi chumba cha pili, na wakati huo mara nyingi yeye mwenyewe hana habari nao. Kisigino kinachochubuka chini ya shuka hakisikiki kabisa. Kazi yenu ni hicho kisigino.

Hatua ya 1: Zamu, daftari na msemaji mmoja

Usiku wa kwanza kila mtu anataka kukesha. Wote mkikesha, baada ya siku mbili tatu hakuna mwenye macho, na hapo ndipo dawa zinaposahaulika na maneno makali yanapoanza. Gawaneni zamu. Usiku wakae wawili, mmoja macho na mwingine amejinyoosha karibu, maana kumgeuza mtu mzima peke yako ni kuumiza mgongo wako na wake.

Daftari likae kando ya kitanda: dawa gani, saa ngapi, kageuzwa lini, kakojoa lini, kalala vipi. Nimeona daftari likizima ugomvi wa ndugu kwa sababu hakuna tena wa kusema "nyie hamkumpa".

Msemaji mmoja azungumze na daktari na muuguzi, kisha awape wengine habari. Na kama mzee bado anaweza kusema, mwulizeni yeye: anataka nani awe karibu, aitiwe kiongozi wa dini au la, alale wapi, kitu gani hataki kufanyiwa. Akishasema, liandikwe, na kusiwe na mtoto wa kuligeuza eti kwa sababu yeye amechelewa kufika na ana uchungu zaidi.

Hatua ya 2: Dawa ziwepo kabla ya kuhitajika

Ombeni mapema, si siku ya mwisho, huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso pale ambapo hawezi kuponywa. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa) ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alisisitiza kwamba dawa ya maumivu itolewe kwa saa zake, bila kungoja mgonjwa alie kwanza. Msimamo huo ndio unaofuatwa hadi leo. Mwulizeni daktari tangu mapema mtatumia nini kwa maumivu, kwa kukosa pumzi, kwa mahangaiko, kwa kichefuchefu na kwa makohozi ya kooni. Mwulizeni pia dawa zitaingiaje siku ambayo hawezi kumeza, kwa sababu siku hiyo inakuja, na mara nyingi inakuja usiku.

Kuhusu morfini, dawa kali ya maumivu: ikitolewa kwa kipimo cha daktari na kuongezwa kidogo kidogo kulingana na maumivu, haimharakishi mtu kufa. Anayekufa muda mfupi baada ya kupewa dozi alikuwa anakufa, na dozi ilimkuta hapo. Inafunga choo, kwa hiyo wakati angali anakula na kunywa apewe na dawa ya kulainisha choo tangu mwanzo.

Asiyeweza kusema husema kwa uso. Tazameni paji la uso likikunjamana, mguno anapogeuzwa, vidole vinavyokaza shuka.

Hatua ya 3: Mdomo

Hapa ndipo familia nyingi huumia, kwa sababu tumezoea kuonyesha upendo kwa kulisha. Mwili unaofunga kazi zake hautaki chakula. Tumbo halisagi, njaa haipo, na kijiko kinacholazimishwa kinaweza kupita njia ya hewa na kumpalia. Akitaka, mpeni kidogo, akiwa ameinuliwa kichwa na yuko macho. Akigeuza uso, amejibu.

Kinachomsumbua kweli ni ukavu wa mdomo, na huo mnao uwezo wa kuuondoa. Kila baada ya saa moja au mbili, chukueni sifongo laini au kitambaa safi, kilowesheni, kikamueni, kisha panguseni nacho midomo, ulimi na ndani ya mashavu. Mswaki laini kwa meno. Midomo ipakwe mafuta. Kama anatumia oksijeni, mafuta hayo yasiwe ya jamii ya petroli, kwa sababu ya hatari ya moto. Kazi hii hata mjukuu anaweza kuifanya, na inampa mtu aliyesimama mlangoni akilia kitu cha kufanya kwa mikono.

Hatua ya 4: Ngozi

Mgeuzeni kila baada ya saa mbili hadi nne, mto katikati ya magoti, visigino vikining'inia bila kugusa godoro. Kagueni nyonga, visigino na mfupa wa chini ya mgongo. Asivutwe kwa makwapa. Tumieni shuka lililokunjwa chini yake, wawili, huku na huku. Mpeni dozi ya maumivu iliyoagizwa muda kabla ya kumwogesha au kumgeuza. Saa za mwisho kabisa, kama kumgeuza kunamtesa, mwacheni alivyotulia.

Hatua ya 5: Mtakayoyaona

Wasomeeni wote nyumbani sehemu hii, pamoja na wale wasiotaka kusikia.

Atalala zaidi na zaidi, hadi kumwamsha kushindikane. Mkojo utapungua na rangi yake itakolea. Mikono na miguu itapoa, na mabaka ya zambarau yatatokea nyayoni na magotini. Mwili unaweza kupanda joto huku miguu ni baridi. Kitambaa chenye maji kwenye paji la uso na shuka jepesi vinatosha, msimrundikie mablanketi.

Pumzi itabadilika. Ataanza kuvuta pumzi kubwa na za haraka, kisha ndogo, kisha kimya, wakati mwingine karibu dakika nzima, halafu aanze upya. Madaktari huuita mpumuo huo kwa majina ya Cheyne na Stokes, madaktari wawili wa Dublin waliouandika mwaka 1818 na 1854. Mtu aliyezama hivyo hasikii kwamba anakabwa. Akiwa bado ana fahamu na anahisi kukosa hewa, muinueni, fungueni dirisha, elekezeni feni usoni. Upepo wa usoni hupunguza hisia hiyo.

Na ule mkoromo: ni mate na makohozi yaliyotuama kooni kwa sababu hana nguvu ya kumeza wala kukohoa. Mlazeni ubavu, kichwa kikiwa kimeinuka kidogo, yateremke yenyewe. Kuingiza mpira kooni na kuyavuta mara nyingi humkera zaidi kuliko kumsaidia. Zipo dawa za kupunguza utokaji wake, zinafaa zaidi zikianza mapema.

Hatua ya 6: Semeni naye

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha vipimo vya umeme wa ubongo vya wagonjwa wa hospisi waliokuwa wameacha kuitikia. Baadhi yao, saa chache kabla ya kufa, ubongo wao ulikuwa bado unaitikia sauti. Kwa hiyo jitajeni kila mnapoingia. Mwambieni mnachotaka kumgusa kabla hamjamgusa. Mshukuruni kwa mambo yenye majina, si "asante kwa yote". Ombeni radhi, toeni radhi. Mambo ya mali na lawama yatoke nje ya chumba hicho.

Hatua ya 7: Pumzi inapokata

Ngojeni dakika kadhaa, maana pumzi moja au mbili zinaweza kurudi. Andikeni saa. Hakuna dharura tena: kaeni naye, lieni, ombeni. Kisha mwiteni anayetakiwa kuthibitisha kifo. Namba yake iwe imeandikwa kwenye jalada la daftari tangu siku ya kwanza. Mwili huanza kukakamaa ndani ya saa chache, kwa hiyo mfumbeni macho, mfungeni taya na mnyoosheni viungo mapema.

Maswali ya familia

*Dada yangu analia kwamba tunamuua mama kwa kiu, anataka awekewe dripu. Tumjibu nini?*

Kwanza mpeni dada kazi ya mdomo, hatua ya 3, afanye mwenyewe aone mama anavyotulia. Pili, akae na daktari amweleze: katika siku za mwisho moyo na figo hazimudu tena maji mengi, yanaishia kuvimbisha miguu na kuongeza makohozi kooni. Kuna hali chache ambapo daktari hutoa maji kidogo kwa sababu maalumu, na huo ni uamuzi wake. Lakini mama hafi kwa sababu ameacha kunywa. Ameacha kunywa kwa sababu anakufa.

*Baba hakuongea kwa siku kadhaa, jana akaamka, akatutaja wote kwa majina, akaomba kula. Tusitishe maandalizi?*

Mpeni anachoomba, na waiteni wote leo hii, hata kwa simu. Hali hii inajulikana. Mtafiti Michael Nahm aliipa jina la Kiingereza "terminal lucidity" mwaka 2009, yaani fahamu kurudi karibu na kifo. Mara nyingi hudumu saa chache au siku moja, kisha mgonjwa hushuka haraka. Dawa zisikatwe. Ifurahieni bila kuahidiana kwamba amepona.

*Bibi anavuta shuka, anataka kushuka kitandani, anaongea na mama yake aliyekufa zamani. Shemeji anasema afungwe mikono.*

Hapana, asifungwe. Angalieni kwanza kibofu: kama hajakojoa kwa saa nyingi na tumbo la chini limejaa, muuguzi amwekee mpira wa mkojo. Angalieni choo. Angalieni kama dozi ya maumivu imechelewa. Punguzeni taa na watu, abaki mtu mmoja mwenye sauti anayoizoea. Kama anaongea na mama yake kwa utulivu, msimsahihishe, mwacheni aongee. Kama ana hofu au anapigana, mpigieni daktari, ipo dawa ya kumtuliza.

*Nilikaa na babu usiku kucha, nikatoka kuoga, nikarudi amefariki. Siwezi kujisamehe.*

Pole sana, ndugu yangu. Wanaouguza wanaofariki wanalijua hili: wapo wanaokata roho pale chumba kinapobaki kitupu kwa dakika chache. Ulikuwepo usiku kucha. Ulimgeuza, ulimlowesha midomo, ulimwita babu. Kukesha kwako kulikuwa huko.

*Watoto wadogo waingie?*

Wakitaka, waingie, baada ya kuelezwa watakachoona. Wakitaka kutoka, watoke. Msiwaambie babu "amelala", wataogopa kulala.

*Morfini iliyobaki tufanyeje?*

Hesabuni, ifungieni mbali na watoto, irudisheni kwa duka la dawa au hospitali iliyoitoa. Asipewe mgonjwa mwingine, hata akiwa na maumivu, maana kipimo kile kilikuwa cha mzee wenu peke yake.