Ukienda Auvers-sur-Oise, zunguka hivi

Kama uko Paris na una siku moja ya ziada, achana na foleni za Mnara wa Eiffel, panda treni Gare du Nord uende Auvers-sur-Oise, ni kama kilomita 30 tu, kawaida unabadilisha treni Pontoise au Valmondois, na ukishuka cheki kabisa ratiba ya kurudi maana huko treni hazipishani kama mjini. Hapo ndo mchoraji Vincent van Gogh alimalizia maisha yake, alifika 20 Mei 1890 akafariki 29 Julai, na katika hizo wiki kumi akachora picha kama 70 hivi, yaani jamaa alikuwa halali usingizi.

Nenda Juni ukiweza, ngano inakuwa bado haijavunwa. Winta usijisumbue, Auberge Ravoux, ile nyumba ya wageni aliyokuwa amepanga, inafungwa.

Kabla hujatoka hotelini weka kwenye simu picha zake tatu: kanisa, shamba la ngano lenye kunguru, na ile ya mizizi ya miti. Anza na kanisa. Usisimame mbele mlangoni kama wanavyofanya wengi, zunguka nyuma mpaka uone njia inagawanyika mara mbili, toa simu ulinganishe, utaona kuta kwenye picha kama zinayumba ila hapo zimenyooka kabisa (picha halisi iko Musée d'Orsay, Paris). Halafu panda juu mashambani, makaburi yako hukohuko: Vincent na mdogo wake Theo wamelala sambamba karibu na ukuta, majani yanayotambaa yamefunika yote mawili. Theo alifariki Januari 1891 kwao Uholanzi, akahamishiwa hapo 1914.

Ukishuka pitia rue Daubigny, penye ile mizizi, pamegundulika 2020 tu kupitia postikadi ya zamani, na wengi wanaamini ndo picha yake ya mwisho.

Chumba chake pale Ravoux kiache mwisho. Namba 5, juu kabisa chini ya paa, alikuwa analipa faranga 3.50 kwa siku kulala na kula. Ndani hamna samani zake wala nini, kuta tu na kidirisha kidogo cha paani, watu wanalalamika eti wamelipia ukuta, mi naona wangejaza vitu vya kuigiza ndo wangeharibu. Mwanzoni mwa wiki mara nyingi pamefungwa, kwahiyo lenga Jumatano kwenda mbele.